D-Day redioni: masaa 24 ya kutangaza vita ambavyo karibu hakuna mtangazaji aliyekuwa anaviona

Watu wengi ukiwatajia redio za Marekani tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalipotua Normandy, Ufaransa, kupigana na Wajerumani, wanachowaza ni ripota amejikunyata nyuma ya tuta la mchanga, maiki mkononi, anatangaza laivu huku risasi zinapita juu ya kichwa. Haikuwa hivyo hata kidogo. Masaa matatu ya mwanzo habari pekee waliyokuwa nayo ilitoka kwa adui, halafu zikafuata hotuba za wakubwa, nyingine zilisharekodiwa mapema kabla meli hazijaondoka, na milio yenyewe ya mapigano Wamarekani walikuja kuisikia usiku kabisa, siku ikiwa inaisha. CBS na NBC walirekodi karibu kila walichorusha siku ile na rekodi zipo mpaka leo, ukizisikiliza toka mwanzo ndo unashangaa, yaani watu wanaongea usiku kucha na walichonacho mkononi ni karatasi moja tu.

Sasa ilikuaje mpaka ikawa vile? Inabidi tuanze na redio yenyewe ilivyopangwa.

Marekani haikuwa na redio ya taifa inayoendeshwa na serikali kama tulivyokuja kuzoea sisi, wala shirika moja kubwa kama BBC kwa Waingereza. Kulikuwa na netiweki nne za binafsi, NBC, CBS, Mutual na nyingine ikiitwa Blue. Hiyo Blue zamani ilikuwa mali ya NBC hiyohiyo mpaka serikali ikasema kampuni moja haiwezi kuwa na netiweki mbili, wakabishana, kesi ikafika Mahakama ya Juu, mwaka 1943 NBC wakashindwa na Blue ikauzwa kwa Edward Noble, tajiri aliyetengeneza hela kwenye pipi za Life Savers. Mkumbukeni huyu Blue, mbele huko ana kazi.

Vipindi vilikuwa vinatengenezwa New York, Chicago au Hollywood, vinasafiri kwenye laini za simu za kukodi za AT&T kuvuka nchi nzima, na kila stesheni ya mkoani inapokea sauti kwenye waya inairusha hewani kwa mnara wake. NBC na CBS kila mmoja alikuwa na stesheni zaidi ya 100 za namna hiyo. Zile kengele tatu za NBC, ting-tong-ting, ambazo wengi wanazijua kama nembo tu, zilikuwa na kazi ya kuwaambia mafundi wa laini na stesheni zote kwamba kipindi kimeisha, badilisheni. Na kufikia sensa ya 1940 zaidi ya asilimia 80 ya nyumba za Marekani zilikuwa na redio, kwa hiyo ukishika huo waya umeshika nchi.

Hela ilitoka kwa wadhamini, na hapa panachanganya kidogo ukizoea redio za sasa. Mdhamini hakuwa anaweka tangazo la sekunde 30 katikati ya kipindi cha mtu mwingine, alikuwa ananunua mda wenyewe. Kampuni ya sabuni kama Procter & Gamble inachukua robo saa kila siku mchana, wakala wake wa matangazo ndo anaandikisha mchezo, ndo anaajiri waigizaji, netiweki kazi yake ni kukodisha saa na waya. Kwa hiyo siku netiweki inaamua kufuta ratiba kwa ajili ya habari, inafuta mali ya mtu aliyelipia. Sio uamuzi mdogo.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo mimi naona ndo limebeba kila kitu: rekodi zilikuwa marufuku. NBC na CBS kwa miaka walikataza kabisa kurusha sauti iliyorekodiwa kwenye netiweki, kila kitu laivu, orkestra laivu, mchezo laivu, mpaka ikawa waigizaji wa kipindi cha usiku wanaigiza kwa ajili ya mashariki, wanasubiri masaa matatu, wanarudi studio wanaigiza tena kilekile kwa ajili ya California. Wenyewe walikuwa wanasema ni suala la ubora na ukweli. Mi naona ilikuwa biashara, kwa sababu kama kipindi kinaweza kuwekwa kwenye santuri na kutumwa kwa posta, stesheni ya mkoani inamhitaji netiweki wa nini? Walishawahi kulegeza mara chache, mfano 1937 ndege puto ya Hindenburg ilipoungua NBC walirusha sauti ya Herbert Morrison iliyorekodiwa pale uwanjani, ila hiyo ilikuwa ni ajabu ya mwaka.

Sasa chukua hiyo sheria uipeleke vitani. Ripota yuko kwenye meli baharini, haruhusiwi kurusha mawimbi maana Mjerumani atajua meli ziko wapi, na kurekodi bosi wake anakataza. Atatangaza nini, kwa kupitia wapi? Ilibidi netiweki zikubali kurekodi kabla ya siku yenyewe kufika, na zikakubaliana pia kwamba sauti yoyote itakayotoka kwa ripota yeyote wa uvamizi ni ya wote, ya CBS itasikika NBC na ya NBC itasikika Mutual. Washindani wa damu hao, siku hiyo wakala sahani moja.

Kabla hatujaingia usiku wenyewe, saa. Nazihesabu zote kiswahili, na ni za New York isipokuwa nikisema vingine. London na Normandy walikuwa mbele kwa masaa sita, Waingereza wakati wa vita walikuwa wanasogeza saa mara mbili kiangazi. Ukiiweka hiyo kichwani mambo mengi ya siku ile yananyooka yenyewe.

Kwa mfano Jumatatu tarehe 5, saa 2 na nusu usiku, Rais Roosevelt alikaa kwenye maiki kuwaambia Wamarekani kwamba Roma imekombolewa, ametulia, anaongelea Italia na njia bado ni ndefu. Saa hiyo Normandy ni saa 8 na nusu usiku, na askari wa miavuli walishaanza kuruka, wengine wako chini tayari wanatafutana gizani mashambani. Yeye anajua. Nchi nzima inayomsikiliza haijui. Ukiisikiliza hotuba ile ukiwa na hesabu ya saa mkononi nywele zinasimama.

Baada ya hapo redio zikarudi kwenye muziki wa usiku. Saa 6 na dakika 37 usiku teleprinta za vyumba vya habari, zile mashine zinazochapa habari zinazokuja kwa waya, zikagonga kengele, shirika la habari la AP linasema redio ya Transocean ya Ujerumani imetangaza uvamizi umeanza. Kwa saa za kule ilikuwa saa 12 na dakika 37 asubuhi, yaani dakika saba tu baada ya Wamarekani wa kwanza kukanyaga ufukwe. Adui alikuwa fasta, Washirika wenyewe kimya.

Hapo ndo pananoga kwangu kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku ile. Maana siku tatu nyuma, Jumamosi, mhudumu wa teleprinta wa AP kule London alikuwa anafanya mazoezi ya kuchapa, mazoezi yake yakapita kwenye waya kwa bahati mbaya, dunia ikaambiwa Eisenhower, jenerali mkuu wa Washirika, ametua Ufaransa. Ilifutwa ndani ya dakika chache lakini redio zilishaisoma hewani, aibu ya mwaka. Kwa hiyo Jumanne usiku kila mhariri ameungua ulimi tayari. Kuna na jingine, jeshi lilishawaonya waandishi kwamba Mjerumani anaweza kutangaza uvamizi wa uongo makusudi, ili wapiganaji wa chinichini Ufaransa watoke mafichoni kabla ya wakati wake awakamate. Unafanyaje sasa? Huwezi kunyamaza, huwezi kuthibitisha.

Walichofanya ni kuongea na kujikinga. Robert Trout wa CBS anakuja hewani, anasoma Wajerumani wamesema nini, anasema hakuna uthibitisho wowote wa Washirika, anarudia, anaondoka, muziki unapigwa, anarudi tena na ile habari na sentensi moja mpya, anarudia kwamba hakuna uthibitisho, unasikia mitambo ya chumba cha habari ikigonga nyuma yake. Hakuzi mambo, hapandishi sauti. NBC nao vivyo hivyo, na baadae wakamleta mchambuzi wao H. V. Kaltenborn, mzee wa kutoa maana hata pale ambapo maana bado haijafika. Karibu masaa matatu namna hiyo! Leo tuna chaneli zinazojaza mda kwa kukisia lakini Trout ukimsikiliza hakisii, anakwambia nilichonacho ni hiki na kimetoka kwa hawa, uamue mwenyewe.

Kwa nini Washirika walikaa kimya wakati Mjerumani anapiga kelele? Watu wanadhani ni urasimu, kumbe kimya chenyewe kilikuwa sehemu ya vita. Kulikuwa na mpango wa udanganyifu ulioitwa Fortitude, wa kuwafanya Wajerumani waamini pigo kubwa litashuka Pas-de-Calais, upande ule bahari ni nyembamba zaidi, na Normandy ni chambo tu. Kila neno lililotoka redioni siku hiyo lilipimwa kwa mzani huo. Tangazo rasmi lilisema pwani ya kaskazini ya Ufaransa, basi, jina Normandy hakuna. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, mchana akawaambia wabunge wake kwamba huu ni mwanzo tu wa mfululizo wa kutua. Eisenhower kwenye hotuba yake akaita ni shambulio la awali. Msikilizaji wa Ohio akisikia anaona ni maneno ya kawaida ya kijeshi, ila mlengwa alikuwa afisa wa Kijerumani amevaa hedifoni.

Na hedifoni walikuwa wanavaa kweli. BBC ilikuwa na kawaida ya kutuma jumbe za mafumbo kwa wapiganaji wa Ufaransa, sentensi ambazo hazina kichwa wala miguu kwa asiyehusika. Tarehe 1 Juni ikasomwa mistari ya mwanzo ya shairi la Kifaransa kuhusu vinanda vya majira ya kupukutika majani, usiku wa tarehe 5 ikasomwa mistari inayofuata. Idara ya ujasusi ya jeshi la 15 la Ujerumani iliinasa na ilijua maana yake, jeshi hilo likawekwa tahadhari, lakini jeshi la 7 ambalo ndo lilikuwa limekaa Normandy halikuambiwa. Redio ilisema, masikio yalisikia, mkubwa mmoja hakuinua simu.

Saa 9 na dakika 32 usiku, London ikiwa saa 3 na dakika 32 asubuhi, kimya kikavunjwa. Waandishi walikuwa wamefungiwa chumbani kwenye jengo la Wizara ya Habari London mpaka dakika hiyo, milango ikafunguliwa, na kwenye waya wa netiweki zote nne kwa pamoja Kanali Ernest Dupuy akasoma taarifa namba 1: chini ya Jenerali Eisenhower majeshi ya majini ya Washirika, yakisaidiwa na nguvu kubwa ya anga, yameanza asubuhi hii kushusha majeshi kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Sentensi moja. BBC dakika hiyohiyo John Snagge anawaambia Waingereza.

Halafu ukaanza msururu, na hapa nitakuwa mkweli, panachosha. Eisenhower anawahutubia watu wa Ulaya Magharibi, sauti ilikuwa kwenye rekodi. Mfalme Haakon wa Norway. Gerbrandy waziri mkuu wa Uholanzi. Pierlot wa Ubelgiji. De Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokuwa uhamishoni, hakuwemo kwenye huo msururu, aligoma kuongea nyuma ya Eisenhower kama vile yeye ni mmoja wa wageni waalikwa, akaja kuongea mwenyewe jioni na hotuba yake ilikuwa bora kuliko zote. Edward R. Murrow wa CBS akasoma waraka wa Eisenhower kwa askari wake. Sauti zote hizi zilikuwa zinavuka Atlantiki kwa masafa mafupi, na masafa mafupi yanategemea hali ya anga ya juu, kwa hiyo sentensi inakuja kubwa, inazama, inarudi na upepo ndani yake, ndo maana rekodi zinasikika kama mtu anaongea toka ndani ya pipa.

Ila katikati ya huo msururu kuna Wright Bryan. Huyu alikuwa mwandishi wa Atlanta anayeiripotia NBC, usiku alipanda ndege ya C-47 pamoja na askari wa miavuli, akawaona wakiruka, ndege ikamrudisha Uingereza, na saa ilipofika alikuwa London tayari amekaa kwenye maiki. Ndo simulizi ya kwanza ya mtu aliyeona kwa macho. Na yeye hakuanza na mikakati. Alieleza jinsi walivyobanana kwenye ndege na mizigo yao, na kuna kijana mmoja wa Connecticut alimwambia yeye mwavuli wake hana wasiwasi nao, ameukagua mama yake, kwa maana mama anafanya kazi kiwanda cha miavuli kwao na kazi yake ni ukaguzi wa mwisho. Hotuba zote zile za viongozi na hakuna hata moja iliyofikia hapo.

Ikakucha. Watu wengi Marekani walikuwa wamelala wakati wa tangazo, ukitoa wa zamu za usiku viwandani, kwa hiyo asubuhi redio ikaanza upya kuwaeleza wanaoamka, mashariki kwanza, halafu katikati, halafu magharibi. Vipindi vingi vya wadhamini vikatupwa au vikakatwakatwa na taarifa, matangazo mengi ya biashara yakaachwa, ile michezo ya mchana ya sabuni ikawa mama mmoja kwenye mchezo anaanza kulia kuhusu mumewe, anakatwa katikati, London inaingia, London inaisha, mama bado analia. Philadelphia meya alipiga ile Kengele ya Uhuru kwa nyundo ya mbao, ikarushwa nchi nzima, na kengele ile imepasuka toka karne ya 19 kwa hiyo haikulia, ilitoa mlio mzito wa chuma butu, ko, ko. Makanisa na masinagogi nayo yalikuwa hewani siku nzima. Siku ile redio ya Marekani ilisali kuliko ilivyoripoti, na sishangai, habari zenyewe hazikuwepo. Ufukwe wa Omaha, mmoja wa fukwe za Normandy walikotua Wamarekani, watu walikuwa wanakufa kwa mamia na taarifa zinazosomwa New York zinasema mambo yanaenda kama yalivyopangwa.

Saa 9 alasiri akahutubia Mfalme George wa Sita wa Uingereza, kule kwake saa 3 usiku. Baada ya taarifa ya habari ya usiku huohuo BBC wakazindua kipindi kipya cha War Report, na wao walikuwa wamejiandaa vizuri kuliko Wamarekani, walishatengeneza kirekoda chao kidogo cha santuri cha kilo 18 hivi ambacho ripota anabeba mwenyewe. Howard Marshall alitua ufukweni, akarudi Uingereza jioni ileile, akaenda hewani akiwa amelowa na hana hata karatasi ya kusomea maana notsi zake zimeenda na maji. Akasema hivyohivyo hewani.

Saa 4 usiku ni Roosevelt tena. Masaa 25 na nusu nyuma aliongelea Roma, sasa hakuhutubia, aliomba. Dakika sita hivi za sala kwa ajili ya vijana walioko kule, na maneno yake yalikuwa yametolewa mapema yakachapwa kwenye magazeti ya jioni ili watu nyumbani wafuatishe naye. Rais ametumia netiweki zote kuongoza ibada! Vipindi vya vichekesho vya Jumanne usiku kwenye NBC, ambavyo ndo vilikuwa na wasikilizaji wengi wiki nzima, navyo vilipunguza utani, muziki ukachukua nafasi kubwa.

Na ndo karibu na mwisho kabisa, saa 5 na kitu usiku, ikafika sauti ya George Hicks. Huyu ni wa Blue, netiweki ndogo iliyouzwa. Alikuwa kwenye meli ya USS Ancon, meli ya makao makuu ya upande wa Omaha, na mashine inaitwa Recordgraph iliyokuwa inachora sauti kwenye utepe wa filamu. Anaanza taratibu anaeleza meli zilivyotanda, halafu ndege za Kijerumani zinakuja, mizinga ya meli inafyatuka juu ya maneno yake, ving'ora, mabaharia wanapiga kelele, ndege moja inapigwa inawaka inaanguka baharini na vijana wanashangilia. Kuna mahali anasema samahani, ngoja nivute pumzi nisimame kuongea kidogo, na kweli anasimama, unasikia mizinga peke yake. Kwa makubaliano yale ya sahani moja ikarushwa na wote, na ikarudiwa. Nchi imesikiliza redio toka usiku wa manane na hii ndo mara ya kwanza vita vyenyewe viliongea.

Niseme na hili, maana tukisoma habari hizi huwa tunasahau. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu) wa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walienda kupigana Burma kwenye mvua za masika ya kule, na hakuna netiweki iliyofuta vipindi vyake kwa ajili yao.

Tarehe 7 ratiba zikaanza kurudi, sabuni ikarudi, vicheko vikarudi. Ila lile katazo la rekodi halikupona. Mwaka 1945 Blue ikabadilishwa jina ikawa ABC, na 1946 Bing Crosby, mwimbaji nyota mwenye kipindi chake redioni, aliyekuwa amechoka kuigiza laivu, akahama NBC akaenda ABC kwa sababu wao walikubali kipindi chake kirekodiwe. Alianza na santuri, mwaka uliofuata akahamia kwenye tepu ya sumaku, kwa mashine za Magnetophon ambazo mwanajeshi wa Kimarekani Jack Mullin alizikuta Ujerumani vita vilipoisha. Wajerumani walikuwa nazo redioni miaka yote ile Wamarekani wanakatazana kurekodi. CBS na NBC wakashikilia msimamo wao miaka michache zaidi, wakaona watangazaji wakubwa wanaondoka, na wao wakalegeza.